Mwenye Kufungua Ana Kinywa

Juzi maharagi yaliungua mu nyumba yangu, na ndiyo maana ninaandika. Si mimi niliyeyaunguza. Mimi nilikuwa inje ninachagua makala, makaa ninayouza, makubwa huku, madogo huku, kama ninavyofanya kila siku hapa Ndosho. Kwenye mbabula, jiko letu la makaa, alikuwa mujukuu wangu, musichana ninayekaa naye, anayeniita koko, bibi yake. Anasoma Kiingereza mu kibanda cha mbao nyuma ya seremala, juu ya kuwa anatafuta kazi mu ofisi moja kule Himbi. Alikuwa amekaa karibu na sufuria, kaye ya masomo kwenye magoti, biki ya kuandikia mudomoni, akitafuna maneno yake. Harufu ilinifikia kabla ya moshi.

"Weye, pua yako iko na kazi gani?" nikamuuliza.

Akaruka, akafunua sufuria, akatazama mule ndani. Kisha akacheka. "Aa, koko! Haiko mimi. Ni yule wa samaki alipita."

Lazima nikueleze. Mu familia yetu huo ni musemo. Maziwa yakikatika, mandazi yakikataa kuumuka, kitu chochote kikiharibika na hakuna anayejitaja, tunasema yule wa samaki alipita. Watoto wanasema, wageni wanacheka, hakuna anayeuliza huyo wa samaki alikuwa nani. Mimi najua. Kwa wale waliobaki juu ya dunia tuko wawili tunaojua, mimi na shangazi yangu, na shangazi anajua vibaya.

Nilimwambia akwangue sufuria. Akakwangua huku jicho moja liko kwenye kaye.

"Koko, hii kwa Swahili tunasemaje? Own up. Mwalimu anataka kila mutu alete fraze moja."

"Inasema nini?"

"Ni neno la kuongea tu, haliandikwi mu barua ya kazi. Mutu amefanya kosa, watu wanauliza ni nani, bado hawamujui. Yeye mwenyewe anasimama, anasema ni mimi."

"Kuungama."

"Apana. Kuungama ni kwa padri, mu siri. Hii ni mbele ya wale wanaouliza."

"Basi kukubali kosa."

"Mwalimu alikataa hiyo. Anasema mutu anaweza kukubali wakati wamemukamata na kuku mukononi. Hapo hajajitoa, amekosa tu pa kukimbilia."

Nilishika mulango. "Na ukimwambia yule ambaye anajua tayari?"

Akafikiri. "Hiyo haihesabiwi, koko. Lazima uwaambie wale wasiojua."

"Na kama miaka imepita? Miaka mingi?"

Alipindua ukurasa, akapindua tena, akarudi nyuma. "Mwalimu hakusema muda."

Nilirudi inje kwenye makala yangu, lakini mikono haikufanya kazi.

Nilikulia upande wa juu wa mji, kwenye barabara inayoenda Rutshuru, siku ambazo kulikuwa bado na udongo. Wewe unayepita pale leo unaona majiwe meusi yaliyotapikwa na mulima na nyumba za mbao juu ya majiwe, unafikiri ilikuwa hivyo toka mwanzo. Hapana. Kulikuwa na migomba. Ilianza nyuma ya nyumba ya koko wangu, mama wa baba yangu, ikapanda hadi macho yalipochoka. Asubuhi ulikuwa unasikia maji yakidondoka kutoka jani moja kwenda jingine, hata kama mvua iliisha zamani. Tulikula viazi vitamu vya kuchoma mu jivu, unavipiga kwenye goti vipoe, na maharagi mabichi yaliyopikwa pamoja na ndizi. Kazi yangu ilikuwa maji, kuni, na kufukuza mbuzi. Masomo nilifika mwaka wa tatu wa primere, kisha koko akasema herufi nilizopata zinatosha. Sikulia. Hakuna aliyekuwa analia mbele ya koko. Alikuwa mutu mugumu, wa maneno machache, na ukimusikia mujukuu wangu atakwambia mimi nimemufuata.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mwanamuke wa Vitshumbi, kule kwa wavuvi, kwenye ziwa lingine, mbali na hili la mji wetu. Alikuja kuolewa kwenye kilima chetu, bwana yake akafa kabla hawajapata mutoto, naye akabaki. Kamio ya samaki, lori kubwa, iliposhuka kutoka kwao, ndugu zake walimuangushia furushi moja au mawili barabarani, akauza samaki wa chumvi kidogokidogo mulangoni kwake. Nyumba yake ilinuka. Sisi watoto tulipita pale tukiziba pua na kukimbia. Watu wazima walinunua samaki wake na kusahau kumusalimia. Kwetu mwanamuke anaitwa kwa mutoto wake, mama fulani, mama fulani. Huyu hakuwa na fulani. Kwa hiyo tulimuita yule wa samaki, na yeye aliitika.

Baba yake alikuwa mufumaji wa nyavu. Kitu hicho kilionekana mu mikono yake. Mafurushi yake hayakufungwa kama yetu, kamba kuzungushwa na kuchomekwa chini. Alikuwa anapitisha kamba mara mbili, anairudisha juu ya kidole, anavuta, na fundo linakaa pale dogo kama punje ya mahindi. Huwezi kulifungua kwa meno. Yeye alikuwa analifungua kwa ukucha mumoja.

Mwaka ninaousema shangazi, mutoto wa mwisho wa koko, alikuwa amepata muchumba, na siku ya wakwe ilikuwa imepangwa. Wakwe hawakupokelewa na pombe ya kununua. Kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, ilipaswa kutoka mu shamba la nyumba, ndizi za pale, mikono ya pale. Ikikuwa tamu, walisema musichana ametoka mahali pazuri. Ikikataa, waliangaliana.

Ndizi za pombe zinaivishwa mu shimo. Baba mukubwa, kaka wa baba yangu, alilichimba, akalitandika majani makavu, mikungu mibichi ikapangwa ndani. Pembeni kuna kashimo kadogo ka moto. Moshi na joto vinaingia chini kwa chini. Juu wanaweka maganda ya mugomba yaliyofungwa pamoja na kamba kama mukeka, kisha udongo. Likishafungwa halifunguliwi mpaka siku ya nne. Ukilifungua, joto linatoka, na ndizi zinabaki nyeusi inje, ngumu ndani, hata uzikamue na majani ya kilima chote hazitoi mutobe, yale maji yake matamu. Hilo kila mutu alilijua. Lakini wakubwa walisema pia kitu kingine. Walisema mutu wa roho mbaya akipita karibu, ndizi zinamusikia, zinakataa. Kwa hiyo ndizi zikikataa, hakuna aliyeuliza nani alifungua. Waliuliza nani alipita.

Siku ya pili, asubuhi, mimi nilifungua.

Sitafuti sababu. Nilikuwa na njaa ya ndizi, si njaa ya tumbo. Mutoto mwenzangu aliniambia zile za juu, karibu na moshi, zinaiva haraka na zina utamu wa asali. Watu wote walikuwa wameenda kukata majani ya kukamulia. Nilikwangua udongo upande mumoja, nikakata kamba kwa kipande cha chupa, nikainua ganda. Joto lilinipiga usoni kama pumzi ya ng'ombe. Nikavuta ndizi tatu. Hazikuwa na asali yoyote. Zilikuwa zinakaza ulimi, na utomvu ukanidondokea kwenye kanzu, gauni langu la kila siku. Nikazikula hivyohivyo, zote tatu, juu ya kuwa nilikuwa nimeisha kuziiba. Nikarudisha ganda, nikasukuma udongo kwa muguu, nikaenda kuchota maji.

Mchana niliporudi, moshi ulikuwa unatoka juu. Si pale unapopaswa kutoka. Ulikuwa unatoka pale pangu, mwembamba, unasimama wima kama kidole kinachoonyesha. Nilipiga magoti nikaanza kurundika udongo, lakini maganda yalikuwa yameachana, udongo ukawa unaangukia ndani. Hapo nikasikia mutu nyuma yangu.

"Nilikuja kuomba kaa la moto."

Alikuwa yule wa samaki, na kigae chake mukononi. Aliniangalia, akaangalia moshi, akaangalia kanzu yangu. Hakupiga kelele. Aliweka kigae chini, akatoa udongo wote kwa viganja, akaunganisha maganda, akafunga.

"Angalia," akaniambia. "Mara mbili. Unarudi juu ya kidole. Unavuta. Ukifunga hivi, hata kiboko hafungui." Kisha akafunika udongo, akaupiga kwa mikono mpaka moshi ukakatika. "Sijui kama itasaidia. Joto likishatoka limetoka. Enda umwambie koko yako sasa hivi, waongeze moto."

Nikasema ndiyo.

Akachukua kaa lake la moto akaenda. Kwenye njia alikutana na wanawake wanaorudi na majani. Walimuona anatoka upande wa shimo.

Sikumwambia koko. Siku ile sikusema, kesho yake sikusema. Kila nilipofungua mudomo nilimuona koko anavyonoa kisu cha kumenyea, ameinamisha kichwa, na shangazi anavyojaribu kitambaa cha kichwa mbele ya kipande cha kioo, anaimba. Nikajiambia fundo lile ni zuri. Labda ndizi hata hazitajua kuwa zilifunguliwa.

Siku ya nne walifukua. Watu walikuwa wengi, majirani wa kukamua, vijana wa kubeba maji, watoto wanaosubiri kupewa mutobe wa kwanza. Baba mukubwa alitoa udongo kwa jembe, polepole, anacheka na watu. Kisha akanyamaza. Akainama.

"Hii fundo ni ya nani?"

Akajaribu kulifungua kwa vidole, likamushinda. Akajaribu kwa meno. Kijana mumoja akasema kwa sauti ndogo, "Ile ni ya nyavu." Wakakata kamba kwa panga, wakainua maganda, na harufu iliyotoka haikuwa ya ndizi tamu. Ilikuwa ya moshi baridi. Baba mukubwa alivunja ndizi moja. Ilivunjika kama fimbo.

Shangazi alitoa kitambaa chake kichwani. Mpaka leo ninakumbuka hiyo kuliko kelele zilizofuata.

Wanawake walisema walimuona anatoka pale. Mwingine akasema mwaka uliopita ng'ombe wake alitoa mimba, na nani alikuwa amepita? Mutu asiyezaa, akasema mwingine, hawezi kufurahia harusi ya wengine. Ukiwasikia ungefikiri wamengojea siku ile. Wakaenda kumuita. Alikuja peke yake, anatembea mbele ya waliomuita.

Koko alikuwa na desturi yake. Kitu kikiharibika mu nyumba, alikuwa anatoa muchi wa kinu, ule muzee aliourithi kwa mama mukwe, na kila mutu anaushika kwa mikono miwili na kusema: mimi sikugusa. Watu waliogopa muchi ule. Walisema ukidanganya, mikono inakauka. Siku ile ulizunguka. Baba mukubwa akasema. Shangazi akasema. Wake wa baba mukubwa wakasema. Ukafika kwangu, na koko akaunyanyua juu ya kichwa changu, akampa aliyefuata. "Mutoto haapi," akasema. Muchi ulipita juu yangu. Niliona mavi ya mende kwenye ncha yake. Nilikuwa nimeshika kanzu yangu pale penye doa, nimeikunja mu ngumi.

Yule wa samaki aliupokea.

"Nilifunga," akasema. "Sikufungua."

"Utafungaje kitu kisichofunguliwa?" baba mukubwa akapaza sauti. "Eeh? Tuambie basi, nani alifungua?"

Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia chini, mbele ya miguu yangu kidogo, kama mutu anayemupa mwenzake nafasi ya kupita.

"Mwenye kufungua ana kinywa," akasema.

Ndugu yangu, nakwambia, kuku walikuwa wanakwangua, na mutoto wa mutu alikuwa anakohoa. Aliningoja. Kila mutu alifikiri anatafuta uongo, lakini alikuwa ananingoja mimi. Nilihesabu vidole vya miguu yake. Kidole kidogo cha muguu wa kuume hakikuwa na ukucha.

Kisha akamurudishia koko muchi, vizuri, kwa mikono miwili.

"Mulozi, muchawi!" kijana mumoja akalia, na wengine wakafuata. Baba mukubwa akasema kabla ng'ombe hawajarudi, awe ameondoka kwenye kilima. Vijana hawakungoja ng'ombe. Walianza kutoa nyasi za nyumba yake wakati yeye bado yuko ndani anakunja mukeka. Nyasi zilimuangukia kichwani, akazitoa, akaendelea kukunja. Alichukua mukeka, chungu, kisu, mufuko wa chumvi. Alivifunga vyote mu kitambaa kimoja cha kikwembe, na hakuharakisha kufunga.

Nilimufuata. Nilipita mu migomba ili watu wasinione, nikamufikia barabarani alipokuwa amekaa juu ya furushi akingoja kamio. Nilikuwa nalia. Nikamwambia: "Ni mimi."

"Mimi najua ni weye," akasema. "Unaniambia mimi juu ya nini? Rudi uwaambie wale." Akanyoosha mukono kuonyesha kilima, ambapo moshi wa nyasi zake ulikuwa umeanza. "Rudi mbio. Kamio bado haijafika."

Nikarudi mbio. Hilo ni kweli, nilikimbia. Nilimukuta koko mulangoni anamenya viazi, baba mukubwa yuko kwenye kigoda, watu bado wamejaa. Koko aliinua kichwa akaniona ninavyohema.

"Nini?" akaniuliza.

Nikasema: "Hakuna."

Nilisikia kamio inapita barabarani, inabadilisha vitesi, zile gia zake, kwenye kona.

Na siku ya wakwe ilifika, waliazima kasiksi kwa ndugu wa kilima kingine, wakwe wakanywa, wakaimba, wakalala njiani. Shangazi akaolewa vizuri, akazaa. Pombe ya kuazima ililewesha kama ile nyingine. Kumbe ndizi zile hazikumuharibia mutu yeyote kitu chochote, isipokuwa mumoja.

Wiki ile koko alifua nguo. Nilikuwa karibu naye ninasuuza. Alifika kwenye kanzu yangu, akasugua pale mbele, akatia jivu, akasugua tena. Utomvu wa ndizi unajua tabia yake, ukikauka unakuwa mweusi na kukaa. Alisimamisha mikono mu maji. Nikangoja aniulize. Nilikuwa tayari, kama angeniuliza mara ya pili ningesema, naapa. Hakuuliza. Alipasua kanzu ile vipande vinne, akaifanya vitambaa vya kushikia vyungu, na kwa miaka mingi niliepua chungu na doa langu mukononi. "Doa la ndizi halitoki kwa maji," alikuwa anapenda kusema baadaye, kwa mutu yeyote, kwa jambo lolote, bila kuniangalia. Nilimupenda koko. Lakini hapo alikosea. Alijua, akanyamaza kwa ajili ya harusi ya binti yake, na mimi nikajifunza kwake kunyamaza. Ninamuandika hivyo.

Nilipojitayarisha kwa komunyo nilimuungamia padri. Alinipa sala, nikazisali zote na nyingine juu yake. Nyumba ya yule wa samaki ilikuwa imeota majani.

Kwa hiyo juzi, maharagi yakiwa yameungua, nilimwambia mujukuu wangu: siku ya Mungu, baada ya misa, unanipeleka kwa shangazi.

Shangazi anakaa Himbi, kwa binti yake mwenye nyumba ya saruji na maua. Ni muzee sana, macho yameisha, lakini ulimi bado. Alisikia fimbo yangu kwenye ngazi. "Nani huyo anakuja kunimalizia chai?" Nikaketi. Mujukuu wangu akaketi chini na kaye yake, ile asiyoiacha popote.

"Shangazi, nimekuja kukwambia jambo la shimo."

"Shimo gani?"

"La harusi yako. Lile la yule wa samaki."

Akaanza kucheka tayari, kama anavyocheka kila harusi anapoisimulia. "Ule mulozi! Alinivulisha kitambaa mbele ya watu."

"Ni mimi nilifungua," nikasema. Nilishika fimbo kwa mikono miwili, mimi bibi muzee mwenye vitukuu. "Asubuhi ya siku ya pili. Yeye alikuja akafunga tu. Ni mimi."

Kicheko kilibaki mudomoni kwake, hakikujua pa kwenda.

"Unadanganya," akasema. "Unazeeka, unajitafutia dhambi."

"Nilikata kamba na kipande cha chupa."

Alipapasa kikombe chake cha chai.

"Ulikula ngapi?"

"Tatu."

"Zilikuwa zimeiva?"

"Apana. Zilikuwa zinakaza mudomo."

"Na ukakula tu."

"Nikakula."

"Mubaya weye," akasema polepole. Mara ya kwanza nilifikiri ananitania, kisha nikaona hacheki. "Nimemulaani mwanamuke wa watu maisha yangu yote. Nimewafundisha watoto, watoto wamewafundisha watoto wao. Iko mujukuu wangu Kinshasa, mayonezi ikimuharibikia anasema yule wa samaki alipita, na hajawahi kuiona hii Kivu. Ule musemo nani atauokota sasa, eeh? Weye? Na fimbo yako?"

Niliisukuma fimbo chini ya kiti.

Alisugua magoti yake. Akasema tunaweza angalau kumuombea yule mwanamuke misa, yeye na mimi pamoja, mu parokia yake ya Himbi, na padri aitangaze mbele ya watu wote kwamba ni kwa ajili ya nani. "Mutoto, uko na biki? Andika." Mujukuu wangu akafungua ukurasa musafi. "Kwa roho ya," shangazi akasema.

Biki ikangoja.

"Sema weye," akaniambia. "Weye ulikuwa unapita kwake kila siku."

Nilitafuta. Nilitafuta kwa koko, kwa baba mukubwa, kwa wanawake waliotoka na majani, na wote walimuita vile tulivyomuita. Bwana yake lazima alimuita kwa jina, lakini bwana yake alikufa kabla sijapata akili. Siku ya muchi hakuna aliyelitaja, hata wakati wa kumufukuza. Shangazi alikuwa anatafuta pia, midomo inacheza. Tulikuwa wazee wawili mu sebule ya maua, na jina moja tu tulilotakiwa kuwa nalo hatukuwa nalo.

Kule juu hakuna wa kuuliza. Moto wa mulima ulishuka, si mara moja, ukapita juu ya migomba, juu ya shimo, juu ya ukuta wa nyumba ya koko, na majiwe yale hayafukuliwi na jembe. Muchi uliungua. Mutobe wa kwanza wa kupewa watoto, sijauona miaka mingi. Siku hizi wakwe wanapewa soda. Kwetu kote kilichobaki ni kitu kimoja, na kiko kwenye magunia yangu ya makala. Wateja wa Ndosho wananilalamikia: mama, unafunga kama nani, tunavunja kucha. Mara mbili, unarudi juu ya kidole, unavuta.

"Koko," mujukuu wangu akasema. "Niandike nini?"

Shangazi akageuza macho yake meupe upande wangu. Wote wawili walikuwa wananingoja, kama yule alivyoningoja siku ya muchi.